Namba hasi shule ya msingi: zieleweke kwanza, kanuni baadaye

Mpe mwanafunzi wa darasa la sita swali hili: −3 + (−5). Wengi watakuandikia 8, tena bila kusita. Muulize mmoja wao amepataje, atakujibu kwa sauti ile ya kukariri: "Hasi na hasi, chanya." Hajabahatisha. Ametumia kanuni tuliyompa wenyewe, ila ameipeleka isikohusika, kwa sababu alipewa kanuni kabla hajajua hasi ni kitu gani.

Nafundisha hesabu shule za msingi hapa Dar es Salaam, na nina msimamo mmoja kuhusu mada hii: namba hasi si ngumu, tunazifanya ngumu kwa haraka yetu. Tunaingia darasani, tunachora mstari wa namba dakika tano, tunaandika kanuni nne za alama ubaoni, tunatoa zoezi. Mwongozo huu unakwenda polepole zaidi ya hapo. Ni wa mwalimu wa darasa la tano na la sita, lakini hata mzazi, kaka au dada anayekaa na mtoto jioni na daftari la hesabu anaweza kuufuata.

Futa neno "haiwezekani"

Darasa la pili tulimwambia mtoto: "Tatu kutoa tano haiwezekani, kopa kumi kwa jirani." Ilimsaidia kufanya 43 − 15, lakini yeye aliihifadhi kama sheria isiyovunjwa. Usipoigusa sheria hiyo, utakuwa unajenga juu yake na haitakubali.

Andika ubaoni, moja chini ya nyingine:

5 − 3 = 2
4 − 3 = 1
3 − 3 = 0
2 − 3 = ?

Kisha nyamaza. Waache wabishane. Kutakuwa na wanaosema haiwezekani, wanaosema 1 kwa sababu wamegeuza wakatoa ndogo kwenye kubwa, na wanaosema 0 kwa sababu "vimeisha". Mara nyingi yupo pia mmoja anayeona kwamba majibu yanashuka moja moja, akauliza baada ya sifuri yanashukia wapi. Usimsahihishe yeyote siku hiyo. Waambie ukweli: walichofundishwa kilikuwa sahihi kwa namba walizokuwa nazo, na sasa tunaongeza namba nyingine.

Mwalimu wa madarasa ya chini naye anaweza kutusaidia mapema. Badala ya "haiwezekani", aseme "hizi tulizonazo hazitoshi". Mtoto ataelewa vilevile, na hatakuwa na kitu cha kufuta miaka mitatu baadaye.

Sifuri ni mahali

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko unavyodhani unahitajika. Mtoto anaijua sifuri kama "hakuna kitu". Kwa maana hiyo, kuwa na kitu chini ya sifuri ni upuuzi, na ana haki ya kukataa. Anahitaji maana ya pili: sifuri ni mahali tulipokubaliana kuanzia kupima.

Dar tuna bahari, tuitumie. Chora mstari wa kusimama pembeni mwa ubao, katikati weka alama ya 0 na uandike "usawa wa bahari". Waulize: ramani inaposema Kilimanjaro ina mita 5,895, imeanza kupima wapi? Wengi watasema Moshi, au "chini ya mlima". Hapana, imeanza baharini, kwenye usawa uleule unaouona ukivuka na kivuko kwenda Kigamboni. Weka Kilimanjaro juu kabisa. Mzamiaji aliye mita 10 ndani ya maji mweke chini ya sifuri, andika −10.

Sasa lete Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kirefu zaidi ni takriban mita 1,470. Sakafu ya ziwa iko wapi? Waache washuke wenyewe: wakishuka mita 773 wamefika sifuri, usawa wa bahari, na bado wana mita 697 za kushuka. Kwa hiyo sakafu iko −697. Watoto hushangaa kwa haki kabisa, kwamba ziwa lililo bara, Kigoma huko, lina sakafu iliyo chini ya usawa wa maji ya Kigamboni kwa karibu mita 700. Na katikati ya mshangao huo wamefanya 773 − 1,470, hesabu ambayo wiki iliyopita "haikuwezekana", tena kwa njia bora: kwenda mpaka sifuri, kisha kuendelea na kilichobaki. Rudi kwenye njia hiyo mara kwa mara.

Ukifundisha karibu na pwani, Msasani au Kunduchi, jiandae kwa swali hili: "Mwalimu, bahari inajaa na kupwa, sasa sifuri ni ipi?" Mpongeze aliyeuliza. Sifuri ya ramani za nchi kavu ni usawa wa wastani wa bahari. Ramani za mabaharia zina sifuri nyingine iliyo chini zaidi, karibu na maji yanapokupwa sana, ili nahodha asidanganyike kuhusu kina. Bahari ni ileile, sifuri ni mbili, kila moja imechaguliwa kwa sababu yake. Mtoto akielewa hilo, "chini ya sifuri" haimtishi tena.

Vitabu vingi huanza na halijoto. Mimi siipi nafasi kubwa hapa kwetu. Mtoto wa Dar hajawahi kuamka akakuta maji ya ndoo yameganda. Anachokijua ni friza ya nyumba inayouza barafu mtaani, ambayo hukaa kwenye nyuzi −18 hivi. Itumie kwa kulinganisha tu, ipi ni baridi zaidi kati ya −18 na −5, halafu songa mbele. Halijoto haijumlishwi kwa namna inayomwingia mtoto akilini.

Mstari uwanjani

Toka nje na darasa. Chora mstari mrefu kwa kijiti kwenye mchanga, au kwa chaki kama kuna sakafu ya saruji. Sifuri katikati, na nafasi zote ziwe sawa, hatua moja ya mtoto. Usiandike namba zote wewe. Andika 0, 1, 2, kisha uwape wao upande wa kushoto. Kosa la kawaida litatokea mbele ya macho yako: mtoto ataanzia mwisho wa kushoto na kuandika −1, −2, −3 akija kulia, kwa sababu amezoea kuandika hivyo. Muulize −1 inapakana na nani. Akijibu sifuri, atajisahihisha.

Kisha mfanye michezo mitatu mifupi. Mmoja asimame kwenye 4, mwenzake amtafutie kinyume chake ng'ambo ya sifuri. Wawili wasimame kwenye −8 na −3, darasa liseme nani mkubwa. Na mmoja aanze kwenye 3 arudi nyuma hatua tano, aseme amefika wapi.

Mchezo wa pili ndio mgumu. Mtoto anaona 8 na 3, anasema −8 ni kubwa. Kumwambia "ya kulia ndiyo kubwa" hakutoshi, atakariri tu. Muulize swali la fedha: kati ya mtu anayedaiwa 8,000 na hana kitu kingine, na anayedaiwa 3,000 na hana kitu kingine, nani ana hali nzuri? Hakuna mtoto wa mjini anayekosa swali hilo. Kisha mrudishe kwenye mstari aone kwamba mwenye hali nzuri ndiye yuko kulia.

Darasa la watoto themanini haliwezi lote kutembea kwenye mstari kwa kipindi kimoja. Toa watoto kumi watembee, wengine wakae pembeni na madaftari yenye mstari wa rula kutoka −10 mpaka 10, wakisogeza kidole kila mwenzao anaposogea. Kesho badilisha kumi wengine.

Jambo dogo la nidhamu, lako mwenyewe mwalimu: −5 isome "hasi tano", usiisome "kutoa tano". Kile kistari kina kazi mbili, kueleza namba iko upande gani na kuamuru utoe, na mtoto hawezi kuzitenganisha kama mwalimu anazichanganya mdomoni. Kwa wiki mbili za kwanza weka kila namba hasi inayofuata alama ya hesabu ndani ya mabano, 2 − (−3), hata kama kitabu hakifanyi hivyo.

Kujumlisha: tumia msimamo wa ligi

Huhitaji kubuni mfano. Kila mtoto anayefuatilia Simba na Yanga ameshaona safu ya tofauti ya mabao kwenye msimamo wa Ligi Kuu, na ameona timu za mkiani zikiwa na kistari mbele ya namba yao. Amekuwa akisoma namba hasi bila kuambiwa.

Buni timu ya darasa, ipe jina la mtaa wenu, na icheze mechi nne:

Mechi ya kwanza imefungwa 3-0, tofauti −3.
Ya pili imeshinda 2-1, tofauti 1.
Ya tatu imefungwa 3-1, tofauti −2.
Ya nne imeshinda 4-0, tofauti 4.

Wajumlishe hatua kwa hatua, wakiandika kila wanapofika: −3, kisha −2, kisha −4, kisha 0. Halafu wahakikishe kwa njia nyingine: mabao yote ya kufunga ni 7, ya kufungwa ni 7, tofauti sifuri. Uhakiki huo una thamani kubwa, kwa sababu mtoto anaona jibu linatoka palepale kwa njia mbili na halitegemei ruhusa ya mwalimu.

Hapa lile swali la mwanzo linajijibu. Timu iliyofungwa 3-0 leo na 5-0 wiki ijayo, tofauti yake ni ngapi? Hakuna atakayesema ina mabao 8 ya faida. Andika −3 + (−5) = −8 wakati bado wanacheka. Na usiwaache wasichana pembeni kwa kudhani mpira hauwahusu. Simba Queens na Yanga Princess wana msimamo wao wa ligi na mahesabu ni yaleyale.

Kaa kwenye kujumlisha mpaka darasa lote liwe limetulia. Nikilazimika kuchagua kati ya kumaliza mada na kukaa hapa siku mbili zaidi, nakaa.

Kutoa namba hasi: vizibo vya soda

Hii ndiyo sehemu inayovunja watoto wengi, na ndiyo tunayoipita kwa kusema "alama mbili zikikutana zinageuka kuwa jumlisha". Mstari wa uwanjani hausaidii sana hapa. Ukianza kumwambia mtoto ageuke, arudi kinyumenyume, ageuke tena, unamwongezea kanuni za kukariri. Tumia vitu vya kushika.

Vizibo vya soda vinapatikana bure kwenye genge lolote. Kila wanafunzi wawili wawe na ishirini. Upande wa rangi ni chanya moja, upande wa ndani ni hasi moja. Ukikigeuza kizibo unapata kinyume chake. Kimoja cha rangi na kimoja kilichogeuzwa vikikaa pamoja ni sifuri, vinamalizana. Wazo hili ni la zamani mno: Wachina wa kale walihesabu kwa vijiti vya rangi mbili, vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi.

Anza na rahisi. −5 − (−2): weka vizibo vitano vilivyogeuzwa, ondoa viwili vilivyogeuzwa. Vimebaki vitatu, yaani −3. Watoto wataona ni kitu cha kawaida, na ni cha kawaida kweli. Fanya kama hizo tano au sita kabla ya kuendelea.

Kisha toa 2 − (−3). Wana vizibo viwili vya rangi mezani, na wameambiwa waondoe vitatu vilivyogeuzwa. Hawana hata kimoja. Subiri. Uliza: tunaweza kuongeza nini mezani bila kubadilisha thamani iliyopo? Ikichukua dakika tano, ichukue. Atatokea wa kusema "jozi za sifuri". Waongeze jozi tatu, kila jozi kizibo cha rangi na kilichogeuzwa. Thamani bado ni 2. Sasa vitatu vilivyogeuzwa vipo, waviondoe. Mezani vimebaki vitano vya rangi.

Kwa hiyo 2 − (−3) = 5, na kila mtoto ameona vile vitatu vya rangi vilikotoka. Baada ya hapo nenda ubaoni uandike mfululizo:

2 − 2 = 0
2 − 1 = 1
2 − 0 = 2
2 − (−1) = 3
2 − (−2) = 4

Waulize wenyewe: kutoa hasi tatu ni sawa na kufanya nini? Wataisema kanuni kwa maneno yao. Iandike ubaoni kama walivyoisema, hata kama si maneno ya kitabu.

Deni, kwa uangalifu

Mhindi Brahmagupta alipoandika kanuni za namba hizi mwaka 628, chanya aliziita mali na hasi aliziita deni. Watoto wetu wanaijua lugha hiyo kutoka daftari la duka la Mangi. Mama anadaiwa 5,000, mwenye duka anamfutia 2,000: −5,000 − (−2,000) = −3,000. Kufutiwa deni ni kupata, na mtoto anaona ni vizibo vilevile.

Nyumbani, mzazi ana mfano mzuri kwenye LUKU. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa 1,500 kila mwezi. Nyumba iliyokaa miezi mitatu bila kununua umeme inaanza na −4,500. Ikinunua wa 10,000, kabla ya makato mengine inabaki na −4,500 + 10,000 = 5,500. Mwachie mtoto apige hesabu hiyo kabla hujabonyeza simu.

Uangalifu ninaousema ni huu: darasani tumia watu wa kubuni. Usimuulize mtoto kwao wanadaiwa kiasi gani dukani, wala usimfanye yeye kuwa mwenye deni kwenye mfano. Wapo waliotumwa asubuhi ile ile kwenda kukopa unga, na aibu hufunga akili kuliko ugumu wowote wa hesabu.

Kuzidisha

Kama muhtasari wako umefika huko, sehemu hii ni fupi. 3 × (−2) ni −2 mara tatu, yaani −6, hakuna jipya. Kwa hasi mara hasi, tumia mfululizo tena: 2 × (−2) = −4, 1 × (−2) = −2, 0 × (−2) = 0, majibu yanapanda mawili mawili, kwa hiyo −1 × (−2) lazima iwe 2. Hapa sasa ndipo pa kusema "hasi mara hasi ni chanya", na useme "mara", usiseme "na". Waambie waziwazi kuwa kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya, haihusu kujumlisha. Malizia na −3 + 2 × (−4). Anayefuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) atapata −11. Anayekwenda kushoto kulia atapata 4, naye hana shida na namba hasi, amesahau mpangilio tu.

Maswali matano ya kupima

Kabla ya kuifunga mada, toa maswali haya kwenye karatasi, bila maksi, na usome makosa badala ya kuhesabu vema na mkasi.

Kwenye 4 − 9, aliyeandika 5 bado anaamini ndogo haitolewi kubwa. Mrudishe kwenye ule mfululizo wa siku ya kwanza.

Kwenye −7 + 4, aliyeandika −11 amejumlisha ukubwa kisha akabandika alama, na aliyeandika 3 ameona tofauti lakini amesahau yuko upande gani. Wote wawili watembee kwenye mstari, waanzie −7.

Kwenye −3 + (−5), aliyeandika 8 amebeba kanuni ya kuzidisha. Mpe timu yake ifungwe mechi mbili.

Kwenye 2 − (−3), aliyeandika −1 hajaliona hasi lililo ndani ya mabano, amefanya 2 − 3. Mpe vizibo, na akisome kila alichoandika kwa sauti.

La mwisho, panga −8, 2, 0, −3 kuanzia ndogo. Akiandika 0, 2, −3, −8, hajapata mstari wa namba kabisa, na majibu yake mengine hata yakiwa sahihi ni ya kukariri. Huyo usimpe zoezi jingine la kujumlisha wala kutoa. Mtoe nje, mchoree mstari, na aanze kwa kuonyesha −1 inakaa wapi.